Mponyaji Asiyeugua: Tahakiki ya Usawiri wa Viongozi wa Serikali katika Lugha ya Habari za Kiswahili Wakati wa UVIKO-19 nchini Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna lugha ya habari za Kiswahili nchini Tanzania ilivyowasawiri viongozi wa serikali wakati wa janga la UVIKO-19, tangu Machi 2020 hadi Julai 2021. Kwa kuongozwa na mkabala wa Uchanganuzi Hakiki wa Diskosi, makala yanachunguza viambishi vya kitenzi katika vichwa vya habari, vitenzi vya kuripoti, vyeo vinavyotangulia majina, sitiari za maradhi na tasfida zilizochukua nafasi ya jina la ugonjwa. Hoja kuu ni kwamba lugha hiyo ilimweka kiongozi katika nafasi ya mponyaji na mwananchi katika nafasi ya mgonjwa anayeponywa hofu, kiasi kwamba kiongozi aliyekosea, asiyejua au aliyeugua hakuwa na mahali pa kusimama katika sentensi. Inaoneshwa pia kwamba sheria za habari za wakati huo zinaeleza sehemu tu ya hali hiyo. Sehemu nyingine imo katika mazoea ya uandishi yaliyokuwepo kabla ya janga na yaliyobaki baada ya sera kubadilika.

1.0 Utangulizi

Tarehe 16 Machi 2020, Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa virusi vya korona nchini Tanzania. Mgonjwa huyo alikuwa Mtanzania aliyewasili kutoka Ubelgiji kupitia Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro. Siku iliyofuata Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule. Habari za majuma hayo ya mwanzo zilikuwa na umbo moja linalotambulika kwa urahisi: kiongozi anazungumza, idadi inatajwa, mwananchi anaelekezwa la kufanya. Kiongozi katika umbo hilo ni mtoa taarifa. Uzito wa maneno yake unatokana na kitu kilicho nje yake, yaani mgonjwa, kipimo na idadi.

Umbo hilo halikudumu. Tangazo la mwisho la kitaifa la idadi ya wagonjwa lilitolewa tarehe 29 Aprili 2020, likitaja wagonjwa 480. Idadi iliyobaki kwa muda mrefu katika kumbukumbu za Shirika la Afya Duniani kuanzia Mei 2020 ilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21. Baada ya hapo habari ziliendelea kuandikwa kila siku, viongozi waliendelea kuzungumza na kunukuliwa, lakini idadi ilikuwa imeondoka katika sentensi. Swali linaloongoza tahakiki hii ni hili: idadi ilipoondoka, ni nini kilichobaki kikiipa kauli ya kiongozi uzito wake, na lugha ya habari ilishiriki vipi katika kuupa uzito huo?

Swali hili si la kinadharia tu. Msomaji wa gazeti au msikilizaji wa redio katika kipindi hicho alikuwa na maamuzi ya kufanya: aende msibani au asiende, amtenge mgonjwa aliye nyumbani au akae naye, avae barakoa sokoni au aiache. Maamuzi hayo aliyafanya kwa kutegemea lugha aliyopewa. Kwa hiyo namna lugha hiyo ilivyompanga kiongozi, ugonjwa na mwananchi ndani ya sentensi ni jambo lililogusa uhai wa watu.

2.0 Mkabala na Mipaka ya Tahakiki

Mkabala wa Uchanganuzi Hakiki wa Diskosi, kama ulivyoendelezwa na Norman Fairclough na Teun van Dijk, unachukulia kwamba uteuzi wa neno na muundo wa sentensi hubeba mahusiano ya mamlaka hata pale mwandishi asipokusudia. Roger Fowler, katika kazi yake ya mwaka 1991 kuhusu lugha ya magazeti, anatumia mfumo wa uelekezi wa M.A.K. Halliday kuuliza nani anatenda, nani anatendwa na nani ameondolewa katika sentensi. Maswali hayo yanakifaa Kiswahili kwa namna ya pekee, kwa kuwa katika lugha hii mtenda na mtendwa huweza kukutana ndani ya neno moja, yaani kitenzi.

Tahakiki hii haihesabu vichwa vya habari wala kulinganisha magazeti kwa asilimia. Inachunguza fomula, yaani miundo inayojirudia katika magazeti, redio na televisheni hadi msomaji haioni tena kuwa ni uteuzi. Mifano ya vitenzi na virai inayotolewa ni ya miundo hiyo ya kawaida. Haikunukuliwa kutoka katika toleo lolote mahususi.

3.0 Kiongozi kama Mtenda: Sarufi ya Kichwa cha Habari

Fomula inayotawala habari za viongozi ni ile ya vitenzi kama "awataka", "awaasa", "awaagiza" na "awatoa hofu". Kila kimoja kina sehemu mbili zinazostahili kuangaliwa. Mwanzoni kuna kiambishi cha mtenda a-, ambaye ni kiongozi mmoja mwenye jina na cheo. Baada yake kuna kiambishi cha mtendwa -wa-, ambao ni wananchi wengi wasio na majina. Kabla msomaji hajafika kwenye mzizi wa kitenzi, mpangilio wa mamlaka umekwisha kutamkwa: mmoja anatenda, wengi wanatendwa.

Wakati unaotumika katika vichwa hivyo nao una athari. Ni wakati uliopo wa -a-, ambao huungana na kiambishi cha mtenda na kuacha irabu moja. Kitenzi "awataka" hakisemi kama jambo lilitokea jana au linaendelea. Katika habari za kawaida jambo hili halina madhara makubwa. Katika janga ambalo maelekezo yanabadilika kutoka juma hadi juma, wakati usio na tarehe huifanya kauli ya kiongozi ionekane kama hali ya kudumu. Msomaji aliyekutana na maelekezo ya Machi na mengine ya Juni hakupewa alama ya kisarufi ya kumwonesha kwamba ya pili yameyafuta ya kwanza.

Kati ya vitenzi hivi, "kuwatoa hofu wananchi" kinahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi. Kinachotolewa hapa ni hofu, na kinatolewa ndani ya mwananchi kama mwiba unavyotolewa mguuni. Muundo huu unaisawiri hofu kuwa ndiyo maradhi, mwananchi kuwa ndiye mgonjwa, na kauli ya kiongozi kuwa ndiyo dawa. Virusi havimo katika sentensi. Rais John Magufuli alirudia mara nyingi kuwaasa wananchi wasitawaliwe na woga, na wito huo peke yake haukuwa na kasoro, kwa kuwa taharuki huweza kuua. Kasoro iko kwenye fomula ya habari iliyoubeba wito huo bila kuuliza kama sababu ya hofu nayo imeondolewa. Hofu ilipotolewa, habari ilihesabika kuwa imekamilika.

4.0 Vitenzi vya Kuripoti na Cheo Kinachotangulia Jina

Mwandishi wa habari wa Kiswahili ana vitenzi vingi vya kuripoti kauli. Anaweza kuandika kwamba mtu amesema, amedai, ameeleza, amefafanua, amebainisha, amesisitiza au amethibitisha. Vitenzi hivi havina uzito sawa. "Kudai" huacha ukweli wa kauli mikononi mwa msemaji na kumwalika msomaji ashuku. "Kubainisha" na "kuthibitisha" huchukulia kwamba kinachosemwa ni kweli hata kabla hakijasemwa.

Umbo la vitenzi hivi viwili linaeleza jambo. Ni vitenzi vya kauli ya kutendesha: kubaini na kubainisha, kuthibiti na kuthibitisha. Anayethibitisha hulifanya jambo lithibiti. Inaweza kupingwa, na kwa haki, kwamba vitenzi hivi vimekwisha kuwa maneno kamili ya msamiati na kwamba hakuna msomaji anayevichambua mofimu kwa mofimu. Pingamizi hilo linakubalika kuhusu msomaji mmoja mmoja. Haliondoi ukweli kwamba mgawanyo wa vitenzi hivi hufuata cheo. Kiongozi wa serikali hubainisha. Mpinzani, mwanaharakati au ndugu wa marehemu hudai. Wakati wa janga mgawanyo huo ulikuwa na gharama. Muuguzi aliyesimulia wodi iliyojaa alikuwa anadai, na kiongozi aliyesema hali ni shwari alikuwa anathibitisha, ingawa kati ya wawili hao muuguzi ndiye aliyekuwa wodini.

Wataalamu nao wana nafasi ya pekee katika mfumo huu. Mara nyingi hujitokeza kwa wingi na bila majina, ndani ya kirai "kwa mujibu wa wataalamu" au "baada ya kushauriana na wataalamu". Hawana kiambishi cha mtenda katika kitenzi kikuu. Kazi yao kisarufi ni kuwa kielezi cha kauli ya kiongozi: wanaipamba, hawaitamki.

Suala la cheo linafanana na hilo. Kifupisho "Dkt." katika Kiswahili sanifu hutumika kwa tabibu na kwa mwenye shahada ya uzamivu bila kutofautisha. Rais Magufuli alikuwa na shahada ya uzamivu katika kemia. Dkt. Philip Mpango, aliyekuwa Waziri wa Fedha na Mipango, ni mchumi. Dkt. Dorothy Gwajima, aliyeteuliwa kuwa Waziri wa Afya Desemba 2020, ni tabibu. Ummy Mwalimu, aliyeiongoza wizara hiyo katika miezi ya mwanzo ya janga na kutangaza takwimu zake, ni mwanasheria na hana kifupisho hicho mbele ya jina lake. Katika habari za bajeti au barabara, utata wa "Dkt." haumdhuru mtu. Katika habari za tiba, kujifukiza na chanjo, kifupisho hicho kinampa kila anayekibeba sauti ya daganga wa hospitali machoni pa msomaji asiyejua shahada ilipatikana katika fani gani. Hakuna aliyedanganya kwa kukiandika. Hata hivyo, uandishi makini wa habari za afya ulipaswa kutaja fani ya anayezungumza, na kwa kawaida haukufanya hivyo.

5.0 Sitiari ya Jipu na Ugonjwa Usiotumbulika

Susan Sontag, katika insha yake ya mwaka 1978 kuhusu maradhi kama sitiari, alionya juu ya tabia ya kuyazungumzia maradhi kwa lugha ya vita, adhabu na uozo. Tanzania ya 2020 ilikuwa na hali iliyogeuzwa. Kabla maradhi hayajafika, lugha ya maradhi ilikuwa imekwisha kutumika kuuzungumzia utawala.

Katika hotuba yake ya kufungua Bunge tarehe 20 Novemba 2015, Rais Magufuli aliwafananisha watumishi wabadhirifu na majipu yanayopaswa kutumbuliwa. Vyombo vya habari viliipokea sitiari hiyo kwa shangwe na kuinyambua kwa kadiri sarufi ilivyoruhusu: kutumbua, kutumbuliwa, tumbuatumbua, mtumbua majipu. Kwa miaka minne iliyofuata, msomaji wa habari za Kiswahili alizoea kumwona Rais kama tabibu, serikali kama mwili wenye maumivu, na mtumishi aliyefukuzwa kama usaha uliotolewa. Sitiari hii ilipendwa kwa sababu ilieleza jambo ambalo wananchi wengi walilihisi kuhusu rushwa na uzembe maofisini.

Tatizo lilijitokeza ugonjwa halisi ulipoingia. Jipu lina sifa zake: linaonekana, liko mahali pamoja, lina mzizi mmoja, na likishatumbuliwa mwili hupata nafuu. Virusi vya korona havina hata moja ya sifa hizo. Havionekani, haviko mahali pamoja, na haviponi kwa kuondolewa mtu mmoja. Lakini lugha iliyokuwa tayari mezani mwa mhariri ilikuwa ile ya jipu, na tukio kubwa la kwanza la mgogoro wa takwimu likasimuliwa kwa lugha hiyo.

Tarehe 3 Mei 2020, akiwa Chato, Rais Magufuli alieleza kwamba sampuli za vitu visivyo binadamu, zikiwemo za papai na mbuzi, zilipelekwa maabara zikiwa na majina ya watu, na kwamba baadhi zilirudi na majibu ya kuwa na maambukizi. Siku iliyofuata mkurugenzi wa maabara ya taifa alisimamishwa kazi. Siku chache baadaye, mkuu wa Kituo cha Afrika cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa, John Nkengasong, alikanusha kwamba vipimo hivyo vilikuwa na kasoro. Kwa mtazamo wa afya ya jamii, swali lilikuwa la kitaalamu na zito: kipimo kina uwezekano gani wa kutoa jibu lisilo sahihi, sampuli zilichukuliwaje, na nani angerudia upimaji? Kwa mtazamo wa lugha ya habari, hadithi ilikuwa imekwisha: jipu limeonekana, limetumbuliwa. Tarehe 16 Mei uteuzi wa Naibu Waziri wa Afya, Dkt. Faustine Ndugulile, ulitenguliwa, na habari hiyo nayo ikaingia katika mkondo uleule wa nani ameingia na nani ametoka. Janga likawa linasimuliwa kupitia hatima ya vyeo.

Upande wa pili wa sitiari hiyo ulikuwa kiongozi kama mleta dawa. Mei 2020 Waziri wa Mambo ya Nje, Prof. Palamagamba Kabudi, alikwenda Madagascar na kurejea na dawa ya mitishamba iliyotangazwa na serikali ya huko. Mwanzoni mwa Februari 2021 Waziri Gwajima aliwaonesha waandishi wa habari namna ya kuandaa kinywaji cha tangawizi, vitunguu na ndimu. Kupiga nyungu, ambako ni desturi ya nyumbani iliyorithiwa na jamii nyingi, kuliingia katika habari kama sera inayohimizwa na viongozi. Tahakiki hii haipimi uwezo wa kitabibu wa vitu hivyo. Inachoona ni kwamba mkono uliozoea kusaini barua sasa ulionekana ukishika kikombe, na lugha ya habari ikauripoti mkono huo kwa vitenzi vilevile vya kubainisha na kuthibitisha.

6.0 Tasfida: Ugonjwa Uliopoteza Jina

Mwanzoni mwa 2021, habari na matangazo ya vifo yalianza kutumia kirai "changamoto ya upumuaji". Neno "changamoto" limekuwa na safari ndefu katika Kiswahili cha ofisini. Kutoka katika maana ya jambo linalochochea juhudi, limekuwa jina la heshima la kila tatizo: changamoto ya maji, changamoto ya madawati, changamoto ya foleni. Kazi yake ni kulitaja tatizo bila kumtaja aliyelisababisha wala anayepaswa kulitatua.

Kirai "changamoto ya upumuaji" kimejengwa kwa majina mawili yaliyonyambuliwa kutoka vitenzi. Unominishaji huo umeondoa kila mhusika. Mtu anayepumua hayupo, kinachomzuia kupumua hakipo, na wakati jambo lilipotokea haupo. Katika Kiswahili cha kawaida mtu husema kwamba marehemu alibanwa na kifua au alishindwa kupumua, na kitenzi hicho hudai mtenda. Tasfida ilikiondoa kitenzi na pamoja nacho ikaondoa swali.

Kwa mwananchi, hasara ilikuwa ya vitendo. Ugonjwa wenye jina una kanuni: mgonjwa hutengwa, waliomgusa hufuatiliwa, msiba hupangwa kwa tahadhari. Changamoto haina kanuni. Familia iliyoambiwa kwamba mzee amefariki kwa changamoto ya upumuaji haikuwa na sababu ya kuzuia watu wasikusanyike kumzika. Ni katika hali hiyo Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, mwanzoni mwa Machi 2021, lilieleza kupitia katibu wake kwamba zaidi ya mapadri 25 na masista 60 walikuwa wamefariki katika muda wa miezi miwili kwa matatizo ya kupumua. Hata tamko hilo lilitumia lugha ya kupumua, lakini lilirudisha kitu kilichokuwa kimeondoka katika habari tangu Aprili 2020, nacho ni hesabu ya watu.

7.0 Sheria na Mazoea

Ufafanuzi wa haraka wa hali hii ni sheria. Ni kweli kwamba mazingira ya kisheria yalikuwa magumu. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilikuwa imekwisha kuweka vigezo vikali vya leseni na makosa. Aprili 2020 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilisitisha kwa miezi sita leseni ya huduma ya mtandaoni ya gazeti la Mwananchi na kulitoza faini ya shilingi milioni 5, kutokana na picha ya Rais akiwa katika msongamano wa watu. Julai 2020 Kwanza Online TV ilifungiwa kwa miezi 11. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka huohuo zilikataza kuchapisha taarifa za mlipuko wa magonjwa ya kuambukiza bila idhini ya mamlaka husika.

Sheria hizo zinaeleza kwa nini mambo fulani hayakuandikwa. Hazielezi kikamilifu umbo la yale yaliyoandikwa. Hakuna kanuni iliyomlazimisha mwandishi achague "amebainisha" badala ya "amesema", au aache kutaja kwamba Dkt. fulani ni mchumi. Uteuzi huo ulikuwepo kabla ya 2020 katika habari za kilimo, elimu na barabara. Janga lilizikuta fomula hizo zikiwa kazini.

Ulinganisho mfupi na Kenya unasaidia kuona mipaka ya lugha yenyewe. Kiswahili cha habari nchini humo kina fomula nyingi zinazofanana. Waziri wa Afya Mutahi Kagwe, aliyetangaza mgonjwa wa kwanza Machi 2020, alionekana kila siku kama mkemeaji na mwonyaji wa wananchi. Lakini Agosti 2020, baada ya uchunguzi wa televisheni ya NTV kuhusu fedha za janga na ununuzi wa vifaa kupitia mamlaka ya KEMSA, lugha hiyohiyo iliwaweka maofisa katika nafasi ya kutendwa: wachunguzwe, wahojiwe, wasimamishwe. Idadi ya wagonjwa nayo iliendelea kutangazwa. Sarufi ya Kiswahili, kwa hiyo, haimlindi kiongozi kwa asili yake. Kauli ya kutendwa ipo kwa kila anayetaka kuitumia, na uamuzi wa nani awekwe ndani yake ni wa chumba cha habari na wa mazingira kinamofanya kazi.

8.0 Kiongozi Anapougua

Kipimo kikubwa cha usawiri wa kiongozi kama mponyaji kilikuja viongozi wenyewe walipougua. Mwishoni mwa Januari 2021, chama cha ACT-Wazalendo kilitangaza kwamba Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alikuwa ameambukizwa virusi vya korona. Tamko hilo lilikuwa na sentensi ambayo lugha ya habari ilikuwa imeisahau: kiongozi mwenye jina akiwa mtendwa wa ugonjwa wenye jina. Maalim Seif alifariki tarehe 17 Februari 2021. Siku hiyohiyo alifariki Katibu Mkuu Kiongozi, Balozi John Kijazi.

Siku chache baadaye, Waziri Mpango aliyekuwa amelazwa katika Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma alijitokeza mbele ya waandishi ili kukanusha uvumi kwamba amefariki. Picha za tukio hilo zilimwonesha akikohoa kwa shida alipokuwa akizungumza. Hapa maneno na picha vilitengana. Fomula ya habari ilikuwa na kitenzi cha kukanusha na kirai cha kuwatoa wananchi hofu, na kwa mujibu wa maneno waziri alikuwa akiendelea vizuri. Picha ilisema mengine, na ndiyo iliyozungumzwa na watu. Tukio hilo linaonesha ufinyu wa lugha iliyojengwa kwa muda mrefu: ilikuwa na neno la kiongozi anayeponya, na la kiongozi aliyefariki, lakini haikuwa na neno la kiongozi anayeumwa.

Ufinyu huohuo ulionekana Machi 2021, Rais Magufuli alipokuwa hajaonekana hadharani kwa siku kadhaa. Tarehe 12 Machi, akiwa Njombe, Waziri Mkuu aliwaambia wananchi kwamba Rais ni mzima na anaendelea na kazi. Tarehe 17 Machi Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, alitangaza kifo chake, akitaja maradhi ya moyo kuwa ndiyo sababu. Katika mfululizo wa habari wa siku hizo, kiongozi alitoka kuwa mtenda anayechapa kazi hadi kuwa marehemu bila kupita katika sentensi ya ugonjwa. Wapo waliokamatwa kwa kudaiwa kusambaza uvumi juu ya afya yake. Uvumi, kwa mtazamo wa diskosi, ulijaza nafasi ambayo sarufi rasmi ya habari ilikuwa imeiacha wazi.

9.0 Mkono Uliochanjwa

Aprili 2021 Rais Samia aliunda kamati ya wataalamu ya kutathmini hali ya UVIKO-19, na tarehe 28 Julai 2021 alizindua utoaji wa chanjo kwa kuchanjwa mwenyewe hadharani. Kwa mara ya kwanza tangu janga lianze, habari kuu ya siku ilimweka Rais katika kauli ya kutendwa. Alichanjwa, mtenda wa kitenzi hicho alikuwa mhudumu wa afya. Mwili wa kiongozi ulioneshwa kuwa mwili kama mingine, unaoweza kuambukizwa na unaohitaji kinga. Katika hotuba ya siku hiyo Rais alijieleza kama mama, bibi na mke kabla ya kujieleza kama Rais na Amiri Jeshi Mkuu, akisisitiza kwamba asingejihatarisha akijua watu hao wanamtegemea.

Inavutia kuhitimisha hapo, kwamba lugha ilibadilika pamoja na sera. Ushahidi hauruhusu hitimisho jepesi hivyo. Kilichobadilika haraka ni msamiati. Sifa za "jembe" na "tingatinga", zilizomfuata Rais aliyetangulia, zilipisha sifa ya "mama". Mpangilio wa sentensi ulibaki. Mama naye awataka, awaasa, awatoa hofu. Wananchi wamebaki katika kiambishi -wa-, safari hii wakiwa watoto mahali pa wagonjwa. Mama mwenye huruma ana heri kuliko mtumbua majipu mbele ya ugonjwa wa kuambukiza, lakini mtoto bado hatarajiwi kumuuliza mama takwimu.

10.0 Hitimisho

Tahakiki hii imeonesha kwamba usawiri wa viongozi katika habari za Kiswahili za wakati wa UVIKO-19 ulipita katika hatua tatu. Kwanza kiongozi alikuwa mtoa taarifa anayeegemea idadi. Pili, idadi ilipoondoka, akawa mponyaji ambaye kauli yake ilitosha kuwa habari na dawa kwa wakati mmoja. Tatu, baada ya vifo na mabadiliko ya uongozi, akaoneshwa kwa muda mfupi kuwa mwili unaochanjwa, kabla ya kurejeshwa katika nafasi ya mzazi anayeelekeza. Katika hatua zote hizo muundo wa mmoja anayetenda na wengi wanaotendwa haukuguswa.

Matokeo yake kwa uandishi wa habari za afya yanaweza kutamkwa kwa urahisi. Mwandishi anaweza kuandika "amesema" mpaka jambo lithibitishwe na chanzo cha pili. Anaweza kutaja fani ya kila Dkt. anayemnukuu, kumpa mtaalamu jina na kitenzi chake, kuutaja ugonjwa kwa jina lake, na kuipa tarehe kila kauli inayofuta kauli nyingine. Hakuna kati ya mambo hayo linalohitaji sheria mpya, ingawa sheria yenye nafasi zaidi ingeyarahisisha. Yanahitaji mhariri anayekumbuka kwamba, wakati wa maradhi, kitenzi anachokiacha kipite juu ya kichwa cha habari kitasomwa na mtu anayeamua kama ampeleke mgonjwa wake hospitali leo au asubiri kesho.